Picha Mbili za Mgongo Wangu

Kina mama wenzangu, na ndugu mliotoka Golbanti kuja kuomba nasi, mtaniwia radhi nikisema nimekaa. Nikisimama sana mgongo unawaka moto. Sitawachosha, mimi mwenyewe nimechoka.

Mnanijua. Tangu niolewe nimelima mpunga na ndizi hapo kando ya mto. Mgongo ulianza kupinda polepole, bega moja likashuka, gauni likawa linaning'inia upande. Maumivu yalipozidi nilikwenda hospitali, nikalazwa juu ya meza, nikapigwa picha. Nikaambiwa uti wa mgongo umepinda digrii thelathini na nane. Nikapewa dawa, nikarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata nikapelekwa hospitali nyingine, mji mwingine. Huko nilipigwa picha nimesimama. Daktari wa huko akapima, akapata digrii hamsini. Akasema mgongo unaporomoka haraka, na ukiendelea hivyo itabidi nipasuliwe, nitiwe vyuma, na kwa umri wangu hilo si jambo dogo.

Ndugu zangu, nawaambia, ile namba ilinilaza kitandani. Niliwaza, kama mwaka mmoja umefanya hivi, mwaka mwingine nitakuwa natambaa. Nikaacha shamba. Nikaacha hata kuja hapa. Wifi yangu alitoka Ozi akawa ananikanda na kunipikia, na binti yangu akaacha chuo Hola aje anitunze. Nilikuwa namsikia akilia jikoni.

Wifi alisikia kuna daktari wa mifupa amekuja kliniki Garsen, akang'ang'ania twende na picha zote mbili. Sikutaka. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Daktari yule aliziweka picha kwenye taa, akachora mistari, akapima. Akafuta, akapima tena. Akaniuliza nilipigwa kila moja nikiwa vipi, nikamweleza. Akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Mama, picha hii moja nimeipima mara mbili, na majibu yameachana kidogo," akasema. "Wakipima watu wawili, kila mtu na mifupa aliyochagua kuchorea mistari yake, yanaachana zaidi. Tena mgongo ukilala hunyooka kiasi. Ukisimama unabeba mwili, unapinda. Hizi picha hazilinganishiki."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo haujazidi?"

"Sijui. Kwa picha hizi hakuna anayeweza kujua. Tupige nyingine umesimama, niipime mimi, halafu turudie baadaye vilevile."

Hakuniahidi kupona. Lakini lile "sijui" lake lilinipa pumzi. Nikapigwa hiyo picha nyingine, nikafundishwa mazoezi, nikayafanya kwa machozi. Tuliporudia picha, nimesimama vilevile, mpimaji yuleyule, mgongo ulikuwa palepale. Vyuma havikutajwa tena. Binti yangu akarudi chuoni.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na wifi yangu aliyenivumilia nikiwa sina hata neno zuri la kumwambia. Wale wa mwanzo siwalaumu, kila mmoja alipima alichokiona. Ila nyinyi mkipewa namba juu ya miili yenu, ulizeni imepimwaje, na nani, na inalinganishwa na nini, kabla hamjaanza kujililia.

Maumivu bado yapo. Naingia kwenye mpunga asubuhi, nikichoka natoka naketi tutani, kisha narudi tena. Mungu awabariki kwa kunisikiliza.