Karatasi Niliyokataa Kuikunja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Lakini msiitikie kwa nguvu bado, maana naanza na ujinga wangu. Mimi ndiye niliyewapeleka watu saba wa kijiji chetu utumwani kwa sababu sikugeuza karatasi.

Mnanijua, mimi ni mtu wa nyumbani. Hata soko huwa naliona mbali, na kuku wangu huchinjwa na mke wangu, mimi nikiangalia kando. Ila nilikuwa nimesoma shule ya misheni kuliko wenzangu, na kichwa kilikuwa kimevimba. Mwandikishaji wa vibarua alipoleta mkataba wa mashamba ya chai ya Kericho, wenzangu waliniomba niwasomee. Nikasimama, nikakohoa kama mchungaji, nikasoma upande wa mbele: posho, blanketi, nyumba. Wao wakaweka dole gumba. Mimi nikaweka sahihi yenye mikia miwili.

Upande wa nyuma niliusoma tukiwa tumeshashuka treni stesheni ya Fort Ternan na kuanza kupanda milima kwa miguu. Ulisema anayeondoka kabla ya muda atakamatwa, atachapwa, na ataanza mkataba upya. Nilitembea nao mpaka kambini nimefunga mdomo.

Kuna watu husema ule haukuwa utumwa, kwa kuwa tulipata mshahara. Ndugu zangu, kazi ambayo ukiiacha unarudishwa kwa kamba, mimi sijui jina lake lingine.

Nathani, shemeji yangu, alipata habari kwamba mtoto wake ni mgonjwa. Akaomba ruhusa, akanyimwa, akatoroka. Askari walimkuta stesheni akingoja treni. Alirudishwa amefungwa mikono, na nyapara wetu Barasa akamchapa kiboko mbele yetu sote, mzungu wa shamba akiwa juu ya farasi wake. Mtoto alizikwa baba yake akiwa bado analalia tumbo.

Jumapili ile wanaume walikusanyika kwa Obuya, jirani yangu wa kambini, mtu wa kutoka ziwani. Nilisema sisi ni watu wa Mungu, hatumwagi damu. Obuya hakubishana kwa hasira. Aliniuliza tu, mtu akiwa amekukalia shingoni, utamwomba kwa heshima mpaka lini? Hata sasa sina jibu zuri, na nimelitafuta miaka mingi.

Wakapanga kumuua Barasa. Ulikuwa msimu wa kupogoa chai, kila mtu ana kisu kikali mkononi, na hakuna anayeuliza kisu ni cha nini. Barasa hakujua kusoma. Barua za kwao alikuwa ananiletea mimi palepale shambani wakati wa mapumziko, anakaa chini mbele yangu, mgongo kwa wenzangu. Basi ikaamuliwa: nimsomee kama kawaida. Nikikunja karatasi, hiyo ndiyo ishara.

Mimi, niliyeogopa kuku!

Barua ilikuja siku ya tatu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai. Barasa akaketi, akavua kofia. Nyuma yake niliwaona Obuya na wawili wengine wakisogea kati ya mistari, polepole, kama watu wanaotafuta matawi yaliyosahaulika. Nathani alikuwa kando, mkono mmoja hauinuki vizuri tangu kile kiboko, ananitazama. Nikasoma salamu, nikasoma mvua, nikasoma ng'ombe aliyezaa. Ukurasa ukaisha. Vidole vyangu vilikuwa vimeshaanza kukunja.

Lakini tangu ule mkataba nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikuweza kuacha karatasi bila kuigeuza. Ndugu zangu, huo haukuwa utakatifu, ilikuwa ni aibu tu. Nikageuza. Nyuma paliandikwa kwamba mama yake Barasa amezikwa, na kwamba walimngoja mpaka mwili ukashindwa kungoja.

Nilimsomea. Akasema, "Nilisikia anaumwa, nikaomba ruhusa mara mbili. Mzungu akaniambia nikitoka nitachapwa kama shemeji yako, na wewe ndiye utakayepewa kiboko unichape."

Niliomba pale pale, bila kufumba macho. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema, Bwana, shika mikono yangu. Na mikono ikashikwa! Karatasi ilibaki wazi mpaka kengele ya kazi ikalia, Obuya akatema mate chini, akarudi kwenye mstari wake.

Kesho yake Barasa alikataa kushika kiboko. Nasi tukaketi chini kati ya chai, visu tumeviweka mbele yetu, nami nikausoma mkataba kwa sauti mbele ya mzungu, safari hii mpaka nyuma. Nilidhani bahari itapasuka tuvuke. Mzungu alisikiliza mpaka mwisho, akampa mtu mwingine kile kiboko atuchape. Huyo mwingine alianza na Nathani. Mkono wa Nathani haukuinuka tena maisha yake yote, na ndipo wakamwachilia, maana hakuwa na faida.

Sikuja hapa kuwaficha hayo. Namshukuru Mungu kwa kuwa sina damu ya Barasa mikononi, na Barasa aliufikia mwaka wa kuliona kaburi la mama yake. Kama mtumwa ana haki ya kuinua kisu, waamue wenye hekima kuliko mimi. Mimi nilishikwa mikono, hilo ndilo ninaloweza kulishuhudia. Wewe unayekaa leo na hasira iliyonolewa, mpe Mungu karatasi yako, aigeuze. Mwamini. Hasomi upande mmoja kama mimi.

Ushuhuda huu nilishautoa mara moja kule kambini, kwenye maombi ya Jumapili, na watu wakapiga makofi. Mama Achieng', mke wa Obuya, hakupiga. Alinisubiri mlangoni, akaniambia, "Yohana, wewe Mungu alikushika mikono. Mkono wa Nathani ulimwachia nani aushike?"