Mwalimu Josephine Naliaka Mbuvi (1963–2025) na Barua Aliyoifuta

Sehemu kubwa ya wasifu huu marehemu aliisoma mwenyewe mwezi wa Mei, akiwa kitandani, kalamu nyekundu mkononi. Alisahihisha tarehe mbili, kisha akakata sentensi iliyosema kwamba alikuwa mpole. Familia imeyaheshimu masahihisho hayo.

Mwalimu Naliaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 karibu na Kamukuywa, Bungoma, mtoto wa nne kati ya tisa wa marehemu Mzee Wanyama na marehemu Mama Rasoa. Alianza shule akiwa na miaka minane kwa sababu alikuwa akiwalea wadogo zake, kwa hivyo akawa mrefu kuliko wote darasani na kukalishwa nyuma. Alimaliza kidato cha sita mwaka wa 1983, akafundisha bila cheti nyumbani kwao, na mwaka wa 1986 akapata nafasi katika Chuo cha Walimu cha Kagumo, hapa Nyeri. Alisomea Jiografia na Kiswahili. Tangu hapo magharibi alikwenda kwa likizo na matanga tu.

Alianza kazi mwaka wa 1989 katika shule moja karibu na Kerugoya. Mwaka uliofuata alipoteza cheti chake na kwenda kituo cha polisi kupiga ripoti. Konstebo aliyemwandikia, kijana wa kutoka Mwingi aitwaye Jackton Mbuvi, alikosea jina lake mara mbili, naye akakataa kuondoka hadi liandikwe sawasawa. Walifunga ndoa kanisani Kerugoya tarehe 7 Desemba 1991, wakajaliwa Maxwel na Mwende. Mwaka wa 1997 Mwalimu alihamishiwa shule ya wasichana hapa Tetu. Baridi ya huku ilimshinda. Wiki ya kwanza aliingia darasani na koti la polisi la mumewe, likimfika magotini, na wasichana wakamwita Afande. Alijua, lakini kwa miaka ishirini na sita alijifanya hajui, kwa kuwa aliamini mwanafunzi anahitaji angalau jambo moja la kumchekea mwalimu wake.

Kwa miaka kumi na miwili ya mwisho alikuwa mwalimu wa kuwashauri wasichana kuhusu masomo na kazi. Waliotaka kwenda ng'ambo walimjua kwa ukali. Msichana alipanga karatasi zake mezani: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha tabia njema kutoka polisi, ripoti ya daktari, barua ya chuo, bima ya matibabu, tiketi ya kurudi. Jina lilipaswa kufanana kote, herufi kwa herufi. Kisha aliuliza maswali matatu: nani atashika pasipoti yako, nani atalipa ukilazwa, na ni saa ngapi za kazi kwa saa ngapi za darasa?

Mapema mwaka wa 2023 shirika liitwalo Upeo wa Vijana lilifungua ofisi mjini Nyeri. Lilitangaza mpango wa mwaka mmoja nchini Ureno, asubuhi kusoma lugha na malezi ya watoto, alasiri kujitolea katika shule za chekechea. Mratibu wake, Bwana Kinyua, alikuja shuleni na picha nzuri. Mwalimu alimuuliza maswali yake matatu.

"Mwalimu, hayo yote iko kwa kitabu watapewa wakifika," Kinyua alimjibu.

Hapo ndipo alipokosea, na alitaka isemwe wazi leo. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu, picha zilimvutia, na hakudai majibu kwa maandishi. Aliandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi wake Peris Wachuka, binti wa Mzee Theuri, mkulima wa viazi kule Mweiga, na ndani yake akausifu mpango huo. Ilikuwa barua ya mwisho aliyoitia sahihi akiwa mwalimu.

Peris aliondoka Septemba. Katikati ya Novemba alimpigia Mwalimu simu kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, darasa ni Alhamisi peke yake. Siku zingine tuko kwa mashuka ya hoteli, saa kumi kwa siku. Mikono yangu imetoka ngozi, na pasipoti iko kwa droo ya bosi."

Jumatatu, tarehe 20 Novemba 2023, Mwalimu alifika katika ofisi ya Upeo wa Vijana saa mbili asubuhi. Kinyua alimwambia kwamba msichana ni mvivu, na kwamba anayejitolea hachagui kazi. Mwalimu hakupaza sauti. Alimwambia, "Ile barua iko na sahihi yangu. Mrudishe mtoto, na unirudishie barua." Kisha akaketi kwenye benchi la wageni na chupa yake ya chai.

Alikaa hapo siku kumi na moja za kazi. Kila mzazi aliyeingia, Mwalimu alimwonyesha picha ya mikono yake ambayo Peris alikuwa ameituma kwa simu, na kumfundisha maswali matatu. Wengi waliondoka na fomu zao bila kuzijaza. Siku ya sita Kinyua aliita polisi. Konstebo aliyefika aliuliza kama benchi ni la wateja, akaambiwa ndiyo, akasema basi huyu mama ni mteja, akaenda zake. Wakati huo Mzee Theuri alikuwa akiupigia simu ubalozi wetu kila asubuhi. Siku ya kumi na moja tiketi ilipatikana ghafla. Peris alirudi nyumbani tarehe 16 Desemba, mikono imefungwa bendeji.

Ile barua haikurudishwa. Badala yake, maneno yake ya sifa yalitokea kwenye karatasi za matangazo za Upeo wa Vijana, pamoja na jina lake. Aliandika mara tisa akidai yaondolewe. Hajajibiwa.

Mwezi wa Oktoba, kabla ya simu ya Peris, Mwalimu alikuwa ameona uvimbe kwenye titi, akapewa siku ya kupimwa: Alhamisi, tarehe 23 Novemba. Siku hiyo alikuwa kwenye benchi. Alipimwa Januari, na ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Daktari alisema miezi miwili haikubadilisha mengi. Mzee Mbuvi hajakubali mpaka leo.

"Ungeenda kwanza hospitali, Mama Maxwel," alimwambia, na hiyo ndiyo mara ya pekee watoto waliwasikia wakigombana juu ya jambo hilo.

"Ningeenda aje?" alimjibu. "Ni mimi nilimpeleka yule msichana."

Alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu, akiwa mgonjwa mgumu, anayesahihisha maandishi ya wauguzi. Alifariki nyumbani Giakanja Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, mumewe na Mwende wakiwa kando yake.

Jana Upeo wa Vijana walileta shada la maua na kuomba nafasi ya kusema machache. Walirudishwa langoni na shada lao. Nafasi hiyo ni ya marehemu. Maneno haya aliyaandika tarehe 2 Juni na kuagiza yachapishwe katika karatasi hii, ili kila aliyefika ayabebe nyumbani:

"Mimi, Josephine Naliaka Mbuvi, niliusifu mpango wa Upeo wa Vijana kabla sijaujua. Sifa hizo nimezifuta. Mzazi, usimpeleke mtoto wako kwa sababu ya jina langu."

Ameacha mumewe, Jackton Mbuvi, mwanawe Maxwel na mkewe Benter, bintiye Mwende, anayeusoma wasifu huu, wajukuu wawili, ndugu watano, wanafunzi wake, kutoka Kerugoya hadi Mweiga, na Peris Wachuka, anayesomea uuguzi hapa Nyeri, ambaye amekaa leo pamoja na familia kwa sababu Mwalimu aliagiza hivyo.

Mungu amlaze Mwalimu wetu mahali pema. Hasira yake ametuachia sisi, na tutaitunza.