Fundi Piano na Matamasha ya Bei ya Mkate

Ndugu, majirani, wanaushirika na wapigaji mliofika,

Jumatano iliyopita, tarehe 6 Novemba 2019, asubuhi, nilikuwa nimepiga magoti kwenye ngazi za ukumbi wa ushirika wa washonaji nikizisugua kwa brashi na maji ya sabuni, kwa sababu Jumapili kulikuwa na tamasha na ngazi zile hazijisugui zenyewe, ndipo simu ikaita, nikaipokea kwa mkono wenye povu, na muuguzi wa zamu akaniambia kwamba baba yangu ameaga dunia. Nilimuuliza kama ana uhakika, maana mwezi uliotangulia walituita hivyohivyo tukamkuta anakunywa chai. Safari hii walikuwa na uhakika. Nikamaliza ngazi zilizobaki, kwa kuwa ngazi yenye sabuni inaweza kumwangusha mtu, kisha nikaenda kumwambia mama.

Mimi ni binti yake wa kwanza, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa kuwa mdogo wangu wa kiume asingefika mstari wa pili bila kulia, na mdogo wetu wa kike angemsifu mpaka msimtambue. Ninayoyajua nitayasema kuwa nayajua, na ninayoyashuku nitasema nayashuku.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mfua nguo. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba msumeno wa kiwandani ukinyamaza mtoto analia, ukianza kunguruma analala, na kwamba tangu wiki ya kwanza alianza kumtazama mwanawe kwa jicho la wasiwasi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1953, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili tu, kwa sababu babu aliumia mkono na mshahara mmoja ukapungua nyumbani, lakini hata kabla ya hapo walimu hawakuwa na raha naye, kwani alimwambia mwalimu wa kwaya mbele ya darasa zima kwamba kinanda cha shule kinadanganya. Alichapwa, na kinanda kikaendelea kudanganya.

Mwaka 1963 alipata kazi katika duka la vyombo vya muziki, kwa mwanamke mmoja asiyemwamini mtu, aliyekuwa akimpekua mifuko kila jioni kabla hajatoka, na ndiye aliyemfundisha kufungua piano, kukaza nyuzi na kusikiliza. Duka lilipofungwa, mwaka 1968, akaajiriwa na ukumbi mkubwa wa mji, ule wenye mazulia mekundu na mlinzi mwenye glavu, awe fundi wa piano zao. Huko alikaa mpaka anastaafu. Siku za tamasha aliingia kwa mlango wa nyuma, akairekebisha piano mpaka akaridhika, na kabla watazamaji hawajaanza kuingia mlinzi alimsindikiza kutoka kwa mlango uleule, kwa sababu fundi hakuwa na tiketi, na tiketi moja ilikuwa inakula karibu nusu ya mshahara wake. Mambo haya alitueleza bila kinyongo, kama mtu anayeeleza mahali pa kupandia basi, nasi tukayapitisha sikioni tu.

Mwaka 1971 wanaushirika wa washonaji walinunua jengo la mtu aliyehama, wakakuta ghorofani piano ambayo mwenyewe aliiacha, si kwa ukarimu, bali kwa sababu mlango ulipunguzwa wakati wa ukarabati na piano haikuweza tena kupita. Baba aliitwa kuitengeneza. Kazi hiyo ilikuwa ya siku chache, naye akaifanya kwa wiki nyingi, mpaka msichana mmoja wa cherehani za dirishani, ambaye tangu mwanzo alidhani fundi huyu ametumwa kuchunguza nani anachelewa kazini, akamfuata na kumuuliza mbele ya wenzake, “Wewe, piano hii ina ugonjwa gani usiopona?” Baba akamjibu, “Imepona zamani. Anayeumwa ni fundi.” Wenzake walicheka mpaka sindano zikavunjika. Yeye hakucheka, alikwenda kwanza kuulizia habari zake kwa yule mwanamke aliyekuwa na duka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Julai 1972, na msichana huyo ndiye mama yetu, yuko hapa mbele, na hadi leo anasema jibu lile lilikuwa limeandaliwa.

Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1973, mdogo wangu wa kiume mwaka 1976 na wa kike mwaka 1980, na wajukuu wanane.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi wenu ndilo lililowaleta. Jumapili, tarehe 8 Februari 1981, saa kumi jioni, marehemu alifanya tamasha la kwanza la muziki wa klasiki katika ukumbi ule wa washonaji, kwa wapigaji aliowaomba kutoka ukumbi mkubwa siku yao ya mapumziko, na kiingilio kikawa bei ya mkate mmoja, mkate wa kawaida wa muoka mikate aliye ng'ambo ya barabara. Mkate ukipanda, kiingilio kinapanda, ukishuka kinashuka, ingawa hilo la kushuka sikumbuki kuliona. Baadhi yenu mlisema fundi na muoka mikate wamekula njama. Wengine mlisema ni dini mpya, subirini, watu watatolewa viatu na kuambiwa wafumbe macho. Shangazi alisema kuna mwanamke, na alikuja matamasha mengi kumtafuta huyo mwanamke, akimtazama mpiga fidla mmoja baada ya mwingine, mpaka akazoea na kuanza kuja na mto wake wa kukalia. Mama alisema bei ndogo namna hiyo haijawahi kukosa sababu, akawa anamwangalia mumewe anavyopanga viti vya kantini, akingoja sababu ijitokeze.

Serikalini nako walijiuliza, kwani alitumwa mtu wa koti la kijivu, tuliyemwita Bwana Kijivu, akae kiti cha nyuma asikilize yanayosemwa. Hakuna kilichosemwa. Watu walikaa kimya jioni nzima, wakaenda zao, na hilo likamtia shaka zaidi, akarudi, akarudi tena, mwisho akawa anafungua mlango na kukusanya viingilio kwa kuwa alikuwa anafika mapema kuliko sisi. Yuko pale kando ya nguzo. Hajawahi kuniambia kama aliacha kuandika ripoti, nami sijamuuliza.

Kulikuwa na tatizo moja la mwanzo. Muziki ule una vipande vyenye sehemu tatu au nne, na baina ya sehemu na sehemu wapigaji wananyamaza kidogo, basi watu wetu, kila palipokuwa kimya, walidhani mambo yamekwisha, wakapiga makofi, wakachukua mikoba, na nusu ya ukumbi ikawa kwenye ngazi wakati fidla zinaanza upya. Baadhi walidai waliitiwa tamasha la nusu. Kule kwenye mazulia mekundu anayepiga makofi mahali pasipo pake hutazamwa mpaka atamani kuingia chini ya kiti, na marehemu hakutaka mtu aliyetoka kushona tangu Jumatatu atazamwe hivyo. Akaleta taa ya mezani kutoka chumbani kwao, bila kumwambia mama, akaiweka juu ya piano, akatangaza: taa ikiwaka, bado, taa ikizimwa, makofi. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtoto wala mzee wa ukumbi ule aliyekosea. Mama aliitafuta taa yake siku kadhaa, akashuku wapangaji, hata alipopanda kusikiliza akaikuta inawaka mbele ya watu wote.

Desturi nyingine ni ya kuhesabu vichwa. Baada ya kila tamasha wapigaji walikuja kula kwetu, supu na mkate, na siku moja Mzee Besi, anayepiga lile fidla kubwa la kusimama, aliachwa chooni, mlango wa ukumbi ukafungwa, akakesha humo mpaka muoka mikate alipofungua duka kesho yake na kusikia mtu anapiga besi kwa hasira. Aliamini kabisa kwamba mpiga selo, ile fidla ya kubanwa kwa magoti, alifanya makusudi. Toka hapo marehemu hakuruhusu kifuniko cha sufuria kiinuliwe kabla hajawahesabu wote kwa kidole, kama mwalimu wa zamu, na supu ikapoa mara nyingi.

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa mara kwa mara, akiwalalamikia wauguzi kwamba mashine ya kitanda cha pili inalia chini ya sauti yake inayostahili, na mwezi Agosti mwaka huu madaktari wakatuambia tujiandae. Mwezi huohuo nilikaa naye peke yangu nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimeshachoka kusubiri, “Baba, matamasha yale, ulikuwa unatafuta nini?” Akanitazama kama mtu aliyekamatwa, akasema, “Nilitaka kukaa mpaka mwisho. Kule nilikuwa naitengeneza piano, halafu natolewa. Peke yangu nisingeweza kuwalipa wapigaji, basi nikawatafuta na nyinyi.” Kwa hiyo wote mlioshuku mlikuwa sahihi. Kulikuwa na njama, nayo ilikuwa hii: kwa miaka thelathini na minane alitutumia sote kulipia kiti chake.

Siku ileile ya Jumatano, mama akiwa hajabadilisha hata nguo, alifika mfadhili mmoja, mwenye hoteli mpya, na shada la maua kubwa kuliko mlango, akasema yeye ni rafiki wa matamasha haya tangu mwanzo, kwamba jina la marehemu halipaswi kupotea, na kwamba angewaomba wanaushirika wamwachie matamasha na piano, ayapeleke hotelini, kwenye viti vya kuegemea, pamoja na chakula cha jioni. Nilimuuliza bei. Akasema bei ni jambo la kuzungumza. Alhamisi nilipopanda na ndoo yangu niliwakuta vijana wake wawili wanapima piano kwa futi, kisha mlango, kisha ukuta. Nikawauliza ukuta wanaupimia nini, wakasema wametumwa tu.

Wanaushirika walipanga kuamua Jumapili. Wapo waliokuwa tayari kukubali, paa linavuja na mtu amekuja na maneno matamu, sitawataja. Wapo pia waliouliza kama ni vizuri kufanya tamasha kabla ya mazishi, mama akawaambia, “Wapigaji wameshafanya mazoezi, ngazi zimeshasuguliwa, tukae nyumbani tufanye nini?” Basi jana saa kumi jioni lilifanyika. Bwana Kijivu aliwasha taa. Mfadhili alikaa mstari wa mbele. Sehemu ya kwanza ilipokwisha, wapigaji wakanyamaza, taa inawaka, na katika ukumbi mzima akainuka mtu mmoja, akapiga makofi kwa nguvu, akachukua kofia yake, akageuka kuwapungia watu mkono kama aliyemaliza kazi. Rafiki wa tangu mwanzo. Hakuna aliyemzomea. Shangazi alimvuta koti taratibu akamwambia, “Keti mwanangu, taa bado inawaka,” naye akaketi, na taa ilipozimwa hakuthubutu kupiga makofi mpaka amewatazama wenzake. Wanaushirika walipiga kura palepale wamesimama. Piano haitoki, ukuta haubomolewi, paa tutaziba wenyewe, na kiingilio ni mkate. Bwana huyo leo yupo nasi, tunamshukuru kwa maua, na Jumapili anakaribishwa kwa bei ileile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, walioivumilia ile habari ya mashine, majirani waliotuletea maji na viti, washonaji waliomshonea suti yake ya mwisho bila kumpima, maana vipimo vyake wanavijua, mafundi wenzake wa ukumbi mkubwa, na mlinzi wa mlango wa nyuma, aliyekuja leo akaomba apewe nafasi ya kubeba jeneza.

Jana baada ya tamasha wapigaji walikuja nyumbani kama kawaida, nikaweka supu mezani na mkate umekatwa, na hakuna aliyegusa kijiko, wote wanatazama kiti cha mwisho. Mama akainuka akahesabu yeye, kwa kidole, akianzia kwa Mzee Besi. Mpiga selo akasema polepole, “Mama, mmoja hayupo.” Mama akamjibu, “Huyo hakufungiwa chooni. Tunajua aliko. Wengine wote mpo, pakueni.” Tukapakua, na supu ilikuwa bado ya moto.

Lala salama, Baba. Mlango wa ukumbi nimeufunga mwenyewe, na ndani hakuna aliyebaki.