Tairi la Kwenda na la Kurudi

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake na madereva mliofunga safari kuja kumsindikiza, anayesimama mbele yenu ni shemeji yake marehemu, mdogo wa mkewe, familia imenipa kurasa mbili nizisome, na ya tatu nimeiandika mwenyewe jana asubuhi, dada yangu hajaiona, nayo inahusu ile habari ambayo wengi wenu mmekuja nayo hapa vifuani, kwamba mwaka 2011 marehemu alisahau kujaza upepo kwenye matairi ya gari lililomvunja mkewe mtulinga, ule mfupa wa begani. Naomba mnivumilie hadi nifike huko.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha kibanda ambamo baba yake alikuwa akiziba pancha, na kwa kuwa kitanda kilikuwa kimoja, alilazwa ndani ya tairi la lori lililotandikwa blanketi, ndiyo maana mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu hakuamka vizuri tangu siku ile, maana alikuwa mtu wa kuwaza, ukimwita mara mbili haitiki, mara ya tatu anakuuliza kwa upole kama ulikuwa unasema kitu. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, hakukosa hata siku moja, lakini mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ana akili ila hayupo darasani. Mwaka 1975 alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu mwaka 1978.

Alianza kazi mwaka 1979 katika stoo ya matairi ya kampuni ya mabasi, akakaa humo miaka kumi na miwili, na tarehe 3 Februari 1992 akafungua karakana yake mwenyewe, chumba chenye mlango mmoja, mashine ya upepo iliyokohoa kila ilipowashwa, na benchi ambalo mteja alikalia kusubiri hadi akasinzia, na hapo ndipo watu walipoanza kumwita Fundi Upepo. Uwanja wa mbio ulipofunguliwa mwaka 1997, na watu wa kawaida wakaruhusiwa kuja siku za Jumamosi na magari yao ya kila siku, yale yale ya kupelekea watoto shule, wakayakimbiza kwenye mzunguko bila kumhatarisha mtu wa barabarani, yeye alikuwa wa kwanza kubeba mashine yake na kuiweka pembeni ya lango.

Madereva walimjia wakitaka tairi laini kuliko yote, linalonata kama gundi, naye kabla ya kujibu alimuuliza mtu anaishi wapi, njia ya kwake ina mashimo mangapi, na mvua ikinyesha maji yanasimama wapi, mpaka wengine wakadhani anatafuta kiwanja. Kisha aliwaonyesha namba iliyopigwa ubavuni, akiwaeleza kwamba kadiri inavyopungua ndivyo mpira unavyoshika na ndivyo unavyoisha upesi, akawaonyesha pia juma na mwaka ambao tairi limetengenezwa, kwani tairi zee linaweza kung'aa na bado likawa gumu kama jiwe, halafu akawapa la kati, linaloshika lami kavu bila kuogopa ya mvua, na aliyenung'unika aliambiwa kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kwamba tairi la kwenda ndilo la kurudi.

Alichora mistari ya chaki kwenye bega la tairi, na gari likirudi kutoka kwenye mzunguko aliangalia chaki imefutika hadi wapi, akapima upepo wakati mpira ungali wa moto, kwa sababu joto huuzidisha, akaupunguza kidogo, akamwambia dereva aende kunywa maji, ayaache matairi yapumzike nayo. Asubuhi za ukungu, magari yalipopotelea kona ya mbali na kubaki sauti tu, marehemu alisimama amefumba macho, mkono mmoja hewani kama anayepima kitambaa, akawataja wenye magari mmoja mmoja kwa mlio wa matairi yao, huyu analalamika lakini hajachoka, yule amechoka ila anaona aibu kusema, na sisi tuliosimama karibu tulijikuta tumefumba macho pamoja naye, tukasahau tulikuja kufanya nini.

Alifunga ndoa na dada yangu Jumamosi, tarehe 6 Juni 1987, na kwa kuwa wazazi wetu walikuwa wamefariki na dada ndiye aliyenilea, siku hiyo alioa mke pamoja na mdogo wake wa miaka kumi na miwili, hakuwahi kunitenganisha na watoto wake wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, na kijana aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye ni fundi umeme. Kurasa za familia zinaruka hapa, zinakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa.

Jumamosi, tarehe 17 Septemba 2011, shemeji yake marehemu alimaliza mzunguko kwa muda mfupi kuliko wote waliokuwepo, akashangiliwa, kichwa kikavimba. Matairi yake yalikuwa yamepunguzwa upepo mara tatu tangu asubuhi, na jioni yakishapoa yalikuwa laini mno kwa barabara, kwa hiyo kila gari lilipaswa kupita kwenye mashine kujazwa kabla ya kutoka, na foleni ilikuwa ya magari kumi na moja. Mvua ilikuwa inakaribia, dada alikuwa amekaa ndani ya gari, shemeji huyo hakutaka kusubiri, na Fundi alipomuuliza kama ameshajaza, alisema ndiyo, amejaza kwenye kituo cha mafuta cha jirani. Kilomita tisa mbele, kwenye kona ya ghala la mbao, gari liliteleza kama sabuni, likaingia mtaroni.

Hapa naacha kusema shemeji yake, nasema mimi. Mimi ndiye niliyedanganya. Hospitalini, dada aliponiuliza nani alijaza matairi, nilimwambia amuulize mumewe, na mumewe alikuwa amesimama mlangoni, akasikia, akanitazama, akasema amesahau. Siku nilipomfuata karakana nikitaka kusema ukweli alinikatiza, akasema dada yangu amebakiwa na ndugu mmoja tu duniani, ila mume hukosewa na kukosa kila siku, chai ikichemka yameisha, nami kwa uoga wangu nikaufanya wema wake kuwa maficho. Madereva walimhama, wenye uwanja wakamwambia aondoe mashine yake langoni, akarudi kwenye pancha za baiskeli na mikokoteni. Mkono wa dada haukupanda tena kufika kichwani, kwa hiyo marehemu alimchana nywele kila asubuhi kwa karibu miaka kumi na mitatu, na nimemwona dada akimtazama kwenye kioo kwa lile jicho la lawama lililonistahili mimi.

Marehemu alianza kuugua mapafu Januari 2024, akalazwa tarehe 22 Julai. Nilikaa naye, nikamwomba ruhusa ya kusema, lakini alikuwa katikati ya usingizi na kuamka, akaniuliza kama ukungu umetoka na kama magari yote yamesharudi, nikamjibu yote, akatabasamu, akageukia ukutani. Hakunikataza wala hakunikubalia, alifariki Alhamisi, tarehe 8 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na haya niliyosema nimeyasema kwa kichwa changu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kukesha naye, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, nanyi madereva mliomhama, ahsanteni kwa kuja, piteni mbele mumuage bila kuona haya, aliyewapotosha ni mimi. Dada yangu, sikuombi msamaha leo, siku hii ni yake, nakuomba jambo moja tu, ukimlilia sasa, umlilie mume ambaye hakusahau.

Pumzika kwa amani, shemeji, pumzika na jina lako.