Mtu Aliyepima Unga Wetu: Maisha ya Symphorien Kangwa Chomba (1958–2023)

Ba mama, ba papa, mapadri, majirani wa avenue yetu, ninyi mliotoka Kasenga na ninyi mliokaa nasi kwenye kilio siku nne bila kulalamikia mvua, aksanti sana. Mimi ninayesoma ni Marie-Thérèse, mnayeniita Nono, mdogo wake Céline, mjane wa marehemu. Wazee wa ukoo walitaka asome mtu mwenye sauti nzito. Céline akakataa, akasema shemeji ndiye anayeweza kumsema Symphorien bila kumpaka mafuta. Basi nitamtania kidogo, alizoea.

Marehemu Symphorien Kangwa Chomba alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Kasenga, kando ya mto Luapula, mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake, Papa Kangwa, aliuza samaki wakavu kwa wachuuzi waliokuja kutoka Lubumbashi. Kama wauzaji wote, mzee alipanga samaki wazuri juu ya kikapu. Siku moja mnunuzi alitaka kuonyeshwa mali, na Symphorien, mwenye miaka tisa, akafumba macho, akazamisha mkono mpaka chini ya kikapu, akatoa samaki aliyekatika mkia. Alipigwa kofi ambalo alilikumbuka mpaka uzeeni. Alijitetea kwamba mnunuzi aliuliza kikapu kina nini, hakuuliza juu kuna nini.

Masomo ya msingi aliyapata Kasenga, ya sekondari hapa Lubumbashi akikaa kwa mjomba wake katika commune ya Kenya, mtaa huu wetu. Mwaka 1979 aliingia Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Julai 1984 akamaliza licence, yaani shahada, ya uchumi. Wenzake walitafuta kazi benki na kampuni ya shaba. Yeye alipenda maulizo: namna ya kuchagua nyumba za kuuliza, namna ya kuuliza bila kumtia mtu jibu mdomoni, namna ya kujua kama kitu kilisaidia kweli au kilionekana tu kimesaidia. Mama yake alikuwa akiwaambia watu mtoto wake anasomea kugonga milango.

Mwaka 1985 aliajiriwa na Ofisi ya Uchunguzi wa Maisha ya Familia, iliyokuwa na vyumba vitatu mjini na pikipiki moja. Miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Halafu ninyi wote mnajua. Oktoba 1991 maduka yakaporwa, hata mabati ya paa yakabebwa kichwani mchana kweupe. Kufika 1993 bei iliyosemwa asubuhi haikuwa tena bei ya jioni. Kazi migodini ilikauka, na mposho ya unga iliyokuwa ikilisha familia za wafanyakazi ikakoma. Kwenye orodha ya nyumba ambazo Symphorien alipaswa kuuliza, nyingine alizikuta milango wazi na hakuna mtu. Wenyewe, waliofukuzwa kwa kuwa wazee wao walitoka Kasai, walikuwa kwenye gare na magodoro yao, wakingoja treni ya kuwapeleka huko Kasai, ambako wengi wao hata hawakuzaliwa.

Mwaka huohuo wa 1993 shirika moja la misaada lilitaka kuleta unga katika mitaa ya Kenya na Naviundu kwa miezi ya njaa. Kabla ya kuleta, wakubwa wa Kinshasa walitaka kujua kama watu kweli hawali. Kazi ikapewa ofisi ya Symphorien. Alichagua nyumba mia mbili na arobaini kwa kura, akapanga kila nyumba itembelewe siku moja kila juma, kwa majuma sita. Mpimaji aje na mizani, apime unga kabla haujaingia kwenye maji, aandike. Na kwa kuwa alilelewa vizuri, aliamuru kila familia iambiwe mapema siku yake, maana mtu hazuki tu kwenye nyumba ya watu.

Nyumba yetu ilipewa Jumanne, mardi kama tunavyosema hapa, na mpimaji wetu alikuwa yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mwembamba, shati jeupe, kravati, mizani kwenye mfuko wa plastiki. Mama yetu, Mama Mujinga, alikuwa mjane wa miaka mitatu na watoto watano ndani. Mgeni ameingia, amesema yambo, amevua kofia. Mtamwacha aende hivihivi? Mama alisonga bukari ya ule unga, akapika sombe ya majani ya mihogo, na samaki wadogo wa kapenta kidogo. Symphorien alipima, akaandika, kisha akakaribishwa mezani. Akala. Ee, ndugu zangu, alikula! Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimesimama mlangoni mwa jiko, nikihesabu matonge yake. Sitasema uongo mbele ya jeneza: nilimchukia.

Nimeshamsamehe, kwa sababu baadaye nilijua kwamba ofisi yake haikuwa imelipa mtu tangu Pasaka. Mpimaji naye alikuwa na njaa.

Ikawa hivyo Jumanne tano, na katika nyumba zote ilikuwa hivyohivyo. Karatasi zilipojumlishwa zilisema nyumba tisa kati ya kumi zilipika. Mkurugenzi wake, Papa Émile, alifurahi, akatuma ripoti ya kwanza Kinshasa bila kungoja juma la sita: Kenya inakula. Symphorien alitia sahihi.

Jumanne ya sita alikuja kama kawaida. Mama akaweka sahani. Ndipo dada yangu Céline, mwenye miaka ishirini na miwili, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Papa wa makaratasi," akamwambia, "kila mardi unaandika asema tunakula. Tunakula juu ya weye! Jana hatukukula. Kesho hatutakula. Ule unga tunauchunga siku mbili juu ya kukupikia weye. Andika na ile!"

Mama alipiga ukelele: "Céline! Ni mugeni!"

"Njo vile, mama! Ni mugeni! Na miye niko na njaa!"

Symphorien aliweka chini tonge alilokuwa ameshika. Aliangalia sahani, akaangalia mizani, akatuangalia sisi watoto mmoja mmoja. Akachukua kofia akatoka, na mizani akaisahau mezani. Mama alilia kwa aibu mchana mzima, maana mgeni alikuwa ameondoka bila kumaliza chakula. Sisi tulikimalizia.

Huko nje, alitusimulia baadaye, alitembea kwa miguu mpaka mtoni Naviundu akajiinamia. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe. Chungu kilichemka kwa sababu yeye alikuwa anakuja. Na sasa ripoti yenye sahihi yake ilikuwa Kinshasa, ikizuia unga usifike kwa watu ambao aliwala. Hilo ndilo neno alilotumia: aliwala.

Mtu mwingine angenyamaza. Yeye alirudi ofisini akaomba majuma matatu. Aliandika namba za nyumba zote mia mbili na arobaini kwenye vikaratasi, akavitia ndani ya chungu cha kukopa, akaenda navyo sokoni Kenya, achague mbele ya watu. Hakutaka kuchagua kwa mkono wake akijua ni nyumba ya nani, kwa sababu, alisema, mtu akichagua mwenyewe moyo wake unapenyeza wale anaowahurumia. Watu wakajaa.

"Papa, ni tombola ya nini? Bale banashinda banapata nini?" mama mmoja muuza nyanya akauliza.

"Banapata maulizo, mama."

Soko lote likacheka. Lakini walibaki kuangalia mpaka kikaratasi cha mwisho. Nyumba mia moja na ishirini zilizotoka ziliendelea kumpokea mpimaji kama mwanzo, kwa siku inayojulikana. Zile mia moja na ishirini nyingine hazikupelekewa mgeni. Aliwaomba akina mama wa avenue zilezile, jirani wa kila siku, waulize tu wakikutana kwenye bomba la maji: "Mama, jana mulipika?" Jirani hapikiwi. Jirani haonewi aibu, naye jana yake ni kama yako.

Majuma matatu yalipokwisha, kwa nyumba za mgeni ilikuwa bado tisa kati ya kumi zilipika. Kwa nyumba za jirani zilikuwa nne tu kati ya kumi. Nyumba zilikuwa za namna moja, mtaa mmoja, majuma yaleyale, zimetenganishwa na kura peke yake. Symphorien alizoea kuwaambia wanafunzi wake kwamba zile nyumba tano zilizopotea katikati ni kipimo cha heshima ya watu wa Kenya, na kwamba hajawahi kupima kitu kikubwa kuliko hicho.

Papa Émile alipoona zile hesabu alishika kichwa. "Symphorien, unataka tuandike Kinshasa asema tulikosa?"

"Hapana, patron. Hapana siye. Ni miye njo nilikosa."

Aliandika hivyo, akatia sahihi, akapeleka barua mwenyewe kwa rubani mmoja aliyekuwa anaruka siku hiyo, kwa kuwa posta ilikuwa imekufa. Juma lililofuata aliambiwa akusanye vitu vyake. Unga ulifika Februari 1994. Mama alipanga mstari, na Symphorien hakuonekana pale. Alikuwa anafundisha hesabu kwenye shule moja ya Katuba, akilipwa na wazazi kwa mkaa na mihogo.

Alirudi kwetu Aprili mwaka huo, kisingizio ni mizani yake. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akakataa maji, akakataa karanga, akakataa kila kitu. Alirudi tena juma lililofuata, bila kisingizio. Mara ya nne Céline akamwuliza kama amekuja kufunga au kuposa. Walifunga ndoa tarehe 19 Agosti 1995, commune ya Kenya na kisha parokiani. Mungu akawapa watoto watatu: Clovis mwaka 1996, Précieuse mwaka 1999 na Gradi mwaka 2004.

Hapa kuna jambo ambalo vijana hamlijui vizuri siku hizi. Kwetu, buko si mchezo. Mkwe hali mbele ya mama mkwe, hamwangalii usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha. Yule aliyekula unga wa Mama Mujinga Jumanne tano mezani pake sasa alikuwa amekatazwa hata kutafuna karanga mbele yake. Tulicheka sana. Yeye hakucheka, maana kulikuwa na kitu alichotaka kumwuliza mama, na buko ilimfunga mdomo. Alimwuliza Céline, Céline akasema mama alikuwa akila baadaye jikoni. Aliniuliza mimi, nikasema sijui. Alibaki na swali hilo miaka ishirini na minane.

Kutoka 2001 alifundisha wapimaji, kwanza hapa mjini, kisha Kipushi, Likasi na vijiji vya upande wa Kinsevere. Wengi wenu mliovaa kitambaa cheupe leo ni wanafunzi wake. Mnakumbuka amri yake: kula kwako kwanza, na uandike kwenye karatasi ni nani aliyeuliza, siku gani, na kama alitegemewa. Alikuwa mkaidi. Alikuwa akichelewa kila sherehe. Alibishana na padri kuhusu namna ya kuhesabu waumini. Tulimpenda hivyohivyo.

Juni 2022 figo zilianza kumshinda. Alipelekwa hospitali mara tatu, na mara ya tatu, Oktoba mwaka huu, hakurudi nyumbani. Chakula kilimkataa. Jumanne tarehe 7 Novemba, mama yetu, mwenye miaka themanini, aliamka akajifunga kitenge, akasema anaenda hospitali. Tulimwambia, mama, na buko? Akasema buko ingoje nje.

Aliingia, akavuta kiti karibu na kitanda, akamwangalia usoni. Mimi nilikuwa pale. Symphorien aligeuza macho ukutani kwa heshima, kisha akayarudisha.

"Mama," akasema, sauti ndogo, "zile ba mardi, weye ulikuwa unakula?"

Nilijua mama atakachosema. Angesema ndiyo, nilikulia jikoni, kama alivyomwambia kila mtu maisha yake yote.

"Hapana, mwana wangu," akasema. "Hata siku moja."

Symphorien alilia, na akalia akitabasamu. Akasema, "Aksanti, mama." Mama akachukua kijiko cha uji uliokuwa pale pembeni, akampa. Akala, mbele yake, vijiko vitatu.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitano. Anaacha mke, Céline, watoto, Clovis, Précieuse na Gradi, wajukuu wawili, Bénit na Abigaëlle, ndugu wanne wa Kasenga, mimi shemeji yake, na Mama Mujinga, ambaye jana alipoulizwa aandikwe namna gani hapa, kama mama mkwe wa marehemu, alijibu: "Andika mama yake."

Shemeji, lala. Mungu akupokee, na huko unakokwenda usiwe mgeni.