Kazi ya Marehemu Josia Rutashobya, Mpiga Gofu wa Kamachumu

Ndugu waombolezaji, mliotoka Kemondo na ninyi majirani wa hapa Kamachumu, mimi Mujuni, mdogo wa marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha yake. Atakayecheka asione haya, maana mwenyewe alipenda watu wacheke.

Marehemu Josia Rutashobya alizaliwa Kamachumu tarehe 14 Machi 1912, mtoto wa kwanza wa Mama Anatolia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Walimu walimsifu kwa hesabu, wakamchapa kwa kupiga mawe kwa fimbo hadi juu ya bati la kanisa.

Mwaka 1934 aliajiriwa kukata nyasi katika kiwanja cha gofu cha Wazungu, Bukoba mjini. Akajifunza mchezo huo, na mwaka 1947 akawa mchezaji wa kulipwa. Alijisikia kwelikweli. Hata sokoni alikwenda na soksi ndefu, akichagua ndizi kwa kufumba jicho moja.

Tarehe 6 Agosti 1938 alikuwa amefunga ndoa na Kokuberwa, binti wa Mzee Nathanieli wa Kemondo. Mzee hakumkubali. "Mwanaume mzima anapiga kijipira, kisha anakwenda kukitafuta! Hiyo ni kazi?" Novemba 1951, Josia alipoalikwa kushindana Kampala, mzee alitamka mbele ya ukoo: "Ukirudi bila kikombe, binti yangu anarudi nyumbani."

Siku ya mwisho kaka aliongoza. Yalipobaki mashimo mawili, senene, wale panzi watamu wa kukaanga, wakashuka uwanjani. Msimamizi akamruhusu kuwaondoa waliozuia mpira. Kaka akawaondoa hao, kisha wa pembeni, kisha wa uwanja mzima, akiwanyonyoa mabawa na kuwatia kwenye mfuko wa fimbo zake. Msimamizi akafoka. Kaka akajibu, "Bwana, kikombe kitangoja, hawa wanaruka!" Akaondolewa mashindanoni kwa kuchelewesha mchezo.

Jamani, kwetu mke ndiye humwokotea mume senene. Lakini Kokuberwa alikuwa amelazwa hospitali ya Ndolage, amejifungua kwa shida, na msimu ulikuwa unampita. Kaka aliwakaanga senene wake katika jiko la meli iliyomrudisha Bukoba, akaenda moja kwa moja wodini. Akamkuta Mzee Nathanieli ameshafika.

"Kikombe kiko wapi?"

Kokuberwa alichungulia ndani ya mfuko wa fimbo, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Tata, nenda tu nyumbani. Wewe umewahi kumwokotea mama senene hata mmoja?"

Mzee aliondoka. Nilikuwepo, na nilimwonea huruma kidogo.

Mwaka uliofuata kaka aliacha kazi mjini, akafungua kiwanja chake kwenye rweya, kule nyikani wanakolisha ng'ombe. Wanafunzi walimlipa mikungu ya ndizi. Aliyedumu kuliko wote, na mbovu kuliko wote, alikuwa Mzee Nathanieli.

Februari 1958 kaka alianza kuumwa figo. Alifariki Ndolage tarehe 3 Juni, Kokuberwa akiwa amemshika mkono. Inatuuma sana. Nyumba imepoa.

Ameacha mjane, watoto wanne, mimi mdogo wake, na mkwewe Mzee Nathanieli. Jana, tulipokuwa tunachimba kaburi kibanjani, mzee alikuja kunishika bega, machozi yanamtoka. "Mujuni, kesho usome kwa sauti, wa Kemondo wote wasikie. Mkwe wangu alikuwa na kazi."

Bwana ampokee na kumpa pumziko jema.