Mauwa Nandonde, Makombe ya Lindi na Kompyuta ya Sebuleni

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Buguruni na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mpendwa wetu, familia imenituma niwasomee, kwa ufupi, maisha ya Mwalimu Mauwa Polikarpo Nandonde.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1947, katika kijiji kimoja cha Lindi Vijijini, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Polikarpo na Mama Hamisa, katika ardhi ambayo jembe likizama kidogo huibuka na jiwe lenye umbo la kombe la baharini, ilhali bahari yenyewe iko mbali, na dada zake wanakumbuka alivyokuwa akimsumbua baba yao, “Baba, nani kaileta pwani huku shambani?”, swali ambalo Mzee alilijibu kwa kumpeleka shule.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1955, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu jiolojia mwaka 1973, na mwaka huohuo akaajiriwa kufundisha katika chuo kimoja hapa jijini, akijikita katika visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na Bwana Kasimiri, fundi umeme, wakajaliwa watoto wawili, Ferdinand na Yasmini, ambao walikua wakijua kwamba likizo maana yake ni kwenda Lindi kuokota makombe ya mawe.

Kazi ya maisha yake ilikuwa kujua kama makombe madogo ya tabaka la juu ni kizazi kilichotokana na yale makubwa ya chini, au ni jamii mbili tofauti, lakini programu za kompyuta za kuchambua vipimo vya makombe hayo ziliuzwa kwa fedha za kigeni, nazo chuo hakikuwa nazo, hadi mwaka 1992, kwenye mkutano Nairobi, mtafiti mwenzake alipomkabidhi disketi yenye programu ya takwimu iliyotungwa mahsusi kwa ajili ya visukuku na mageuko ya viumbe, akamwambia, “Hii ni ya bure, nakili, wape na wenzako.”

Mwaka uliofuata, wafanyakazi walipopunguzwa, naye akapunguzwa, akarudi nyumbani Buguruni akiwa ameinama, akakaa wiki nzima bila kugusa makombe yake, mpaka binamu yake Mfaume, aliyekuwa ameanza biashara ya mitumba ya kompyuta kutoka Dubai, alipoleta moja na kuiweka sebuleni, wakakubaliana kuwa asubuhi itachapa kadi za harusi, na mchana, mgao wa umeme ukiruhusu, itakuwa ya makombe.

Wanafunzi wakaanza kumiminika kujifunza programu ile, na Mfaume akaona mwanya, “Dada, watu wenyewe wanajileta, tuwatoze basi,” naye akamjibu, “Aliyenipa hakunitoza, mie nitamtozaje mtu?”, na kwa kuwa maelezo ya programu yalikuwa ya Kiingereza, akaketi akayaandika upya kwa Kiswahili.

Mwaka 1994 jibu likatoka, kwamba makombe yale ni ukoo mmoja uliopungua umbo, nyumba nzima ikashangilia, makala ikatumwa ng’ambo ikakubaliwa, lakini kabla haijachapwa, mwanafunzi wake Talha, binti wa Temeke, akashika kombe moja mkononi, akasema kwa woga, “Shikamoo Mama, samahani, hawa wadogo wengine mbona kama watoto tu, hawajakomaa?”, na Mwalimu akalitazama lile kombe, akaomba makala ile isimamishwe.

Bwana Kasimiri alimsihi, “Mama Ferdinand, umengoja miaka yote hii, si ungeiacha tu?”, naye akasema, “Bora nichelewe na kweli kuliko niwahi na uongo,” wakapima upya, wachanga, ambao kumbe ni watoto wa yale makubwa waliokutwa tabaka la juu, wakawekwa kando, na programu ileile ikaonyesha kuwa ni jamii mbili zilizowahi kuishi pamoja, makala ikachapwa mwaka 1996, jina la Talha likiwa kando ya lake, na familia inashuhudia kwamba hatukupata kumwona na furaha kama ya siku ile.

Mwaka 1997 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa muda mrefu, akifundisha kila alipopata nafuu, hadi alfajiri ya tarehe 2 Juni 1998, Mungu alipomwita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, jumuiya ndogondogo, walimu wenzake, pamoja na watunzi wa programu ile, ambao hatuwajui kwa sura, na inawatangazia kuwa baada ya matanga darasa la sebuleni litaendelea chini ya Mwalimu Talha, na anayetaka kujifunza apige hodi tu.

Mwalimu Mauwa, umefanya kazi yako kwa ukweli, sasa pumzika kwa amani.